Curt Kosswig na Samaki Wake Chotara

Wazazi wote wawili wazima, wajukuu wanapata kansa. Fumbo hilo ndilo lililompa jina Curt Kosswig, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Berlin mwaka 1903.

Katika miaka ya 1920 alifuga samaki wadogo wa aina mbili, asili yao mito ya Mexico na Amerika ya Kati. Aina moja ina mabaka meusi yasiyoidhuru. Ya pili haina mabaka hayo, na dume lake lina mkia uliochongoka kama upanga. Kosswig akawapandanisha. Chotara wakatoka na weusi uliotanda zaidi. Alipowapandanisha tena na samaki wa upanga, baadhi ya wajukuu wakaota uvimbe mweusi unaokula nyama: melanoma, kansa ya ngozi. Myron Gordon naye, kule Marekani, aliyaona hayo hayo wakati ule ule.

Maelezo yaliyokuja kukubalika ni haya. Samaki wa mabaka hurithi jeni ya kuchochea weusi pamoja na nyingine ya kuizuia. Tuseme farasi na hatamu yake. Katika uzao ule wa pili mirathi hugawanyika. Kiasi cha nusu hawapati farasi kabisa, hao wamesalimika. Robo hupata vyote viwili, weusi wao ni wa wastani. Robo iliyobaki hupata farasi bila hatamu, na hao ndio huangamia. Mwaka 1989 wataalamu wa Ujerumani waliipata hasa jeni hiyo ya kuchochea, wakaiita Xmrk.

Lakini elimu ya urithi ilikuwa imekwisha kutekwa na Manazi, wahubiri wa usafi wa damu. (Hao samaki ni jinsi mbili mbalimbali; binadamu sote ni jinsi moja, kwa hiyo hapakuwa na hoja yao hapo.) Kosswig hakupatana nao. Mwaka 1937 akahamia Istanbul, ndiyo Stambuli ya wazee wetu, akasomesha Chuo Kikuu hadi 1955. Waturuki humhesabu kuwa mwasisi wa elimu ya wanyama nchini mwao. Yeye na mkewe Leonore ndio waliolitangaza ziwa la Manyas kwa wingi wa ndege wake, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1959.

Alirudi Ujerumani, akafanya kazi Hamburg, na huko akafariki mwaka 1982. Kaburi lake liko Istanbul.