Édouard-Alfred Martel, avoka aliyefuata maji mpaka chini ya mawe

Kila mwaka, wakati wa joto, watu wengi wanafika kusini-mashariki mwa Ufaransa, fasi milima ya Alpes inaanza kushuka kuelekea bahari. Wanakuja kushuka mto Verdon kwa kayaki na kwa mitumbwi ya mpira. Wanavaa kofia ngumu na jaketi za kuelea, maji yanawarusha huku na kule, wanacheka. Lakini kabla ya mwaka 1905 hajulikani mtu aliyepita bonde hilo lote. Kuta zake za mawe zinafika mita 700 fasi zingine. Aliyeongoza safari ya kwanza alikuwa Édouard-Alfred Martel, na hakuenda mule kwa mchezo. Alikuwa anafuata maji.

Martel alizaliwa mwaka 1859 kule Pontoise, karibu na Paris. Alisoma sheria na kufanya kazi kwenye tribinali ya biashara. Siku za mapumziko, aliacha karatasi zake na kuingia katika mapango. Mwaka 1889 alishuka shimo la Padirac, lenye kina cha mita 75, akakuta mto unapita chini ya udongo. Alikuwa na mtumbwi wa kitambaa unaokunjwa, jina lake Crocodile, ni kusema Mamba. Aliingia nao gizani, na mishumaa mkononi. Mwenzake mkubwa katika kazi hizo alikuwa Louis Armand, fundi wa vyuma wa kijijini.

Mwaka 1891 jambo moja lilibadilisha kazi yake. Martel na mwenzake walikunywa maji ya chemchemi moja katika jimbo la Lot. Maji yalikuwa meupe, baridi, mazuri kwa macho. Kisha wakagonjwa. Walipochunguza shimo lililokuwa juu ya chemchemi hiyo, wakakuta ndama amekufa na kuoza mule ndani. Wakulima walikuwa na desturi ya kutupa mizoga katika mashimo, wakidhani imepotea. Kumbe maji ya mvua yalikuwa yanaiosha na kuirudisha kwenye chemchemi, kwa watu wale wale.

Katika mawe ya chokaa, maji hayachujwi kama katika mchanga. Yanapita katika nyufa na mapango kama katika bomba. Kwa kuonyesha hivyo, watafiti walikuwa wanamwaga rangi katika shimo, kisha wanangojea kuona ni chemchemi gani itageuka kijani. Martel alipigania jambo hilo kwa miaka. Tarehe 15 Februari 1902, sheria ya afya ya Ufaransa ikakataza kutupa mizoga katika mashimo ya namna ile.

Njo maana, mwaka 1905, wizara ya kilimo ilimtuma Verdon kuchunguza maji ya eneo lile. Mwezi wa Agosti aliingia bondeni pamoja na Armand Janet, na Isidore Blanc, mwalimu wa kijiji cha Rougon, na wanaume wengine wa pale. Bila wenyeji asingefika mbali. Wao walizoea kushuka kwa kamba kukata miti migumu ya kutengeneza mipira ya kuchezea. Mitumbwi iligonga mawe. Fasi zingine waliibeba kwa mikono. Pale panapoitwa Imbut, mto wote unazama chini ya mawe makubwa na kutokea mbele. Hata leo, mwenye kayaki hapiti pale. Anashuka na kuzunguka kwa miguu.

Martel alikufa mwaka 1938, akiwa na miaka 78. Njia ya miguu inayopita katika bonde lile inaitwa kwa jina lake. Mto wenyewe umebadilika. Stima ya umeme imeleta mabwawa, na chemchemi kubwa ya Fontaine-l'Évêque, moja ya zile alizokuja kuchunguza, iko leo chini ya ziwa la Sainte-Croix. Wanaoshuka Verdon wanangojea siku ambayo bwawa linafungulia maji, na wanaotembea kando ya mto wanaonywa kwamba yanaweza kupanda ghafla.

Wengi wa wale wanaocheza mule wanamjua tu kwa jina la njia. Lakini kazi yake kubwa haikuwa kushinda mto. Ni kuonyesha kwamba kinachotupwa juu kinanywewa chini, hata kama maji yanaonekana safi.