Stanley na chupa ya shampeni iliyopita Tabora vitani

Novemba 1871, wazungu wawili walikaa barazani Ujiji wakinywa mvinyo mweupe wa Ufaransa kwa vikombe vya fedha. Chupa hiyo ilikuwa imetoka pwani kwenye mizigo ya wapagazi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Aliyeileta ni Henry Morton Stanley.

Jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, na akiwa na miaka sita tu akatupwa kwenye nyumba ya kulelea maskini. Mwaka 1859 akakimbilia Marekani, akabadili jina, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa mwandishi wa habari.

Gazeti la New York Herald likamtuma amtafute Dk David Livingstone, ambaye Ulaya ilikuwa haijui kama yu hai.

Mapema 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na vitambaa, shanga na waya. Ndani ya mizigo hiyo aliweka chupa moja ya Sillery, shampeni inayoitwa jina la kijiji kilicho karibu na Reims. Ilikuwa ya siku moja tu, siku ya kumwona Livingstone.

Safari haikuwa lelemama. Stanley alikuwa mkali na aliwachapa wapagazi viboko. Wengine walitoroka, wengine walikufa njiani.

Juni akafika Kwihara, Tabora. Hapo mambo yakakwama. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga, wakaona cha moto. Agosti, watu wa Mirambo waliwavizia na kuwashinda, kisha wakaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji.

Stanley alikuwa hoi kwa homa. Kumbe chupa bado ipo. Septemba akaondoka, akazunguka kusini kumkwepa Mirambo.

Ujiji alimkuta Livingstone amedhoofika, hana mali wala hamu ya kula. Majirani ndio waliotandika meza. Said bin Majid alileta vikate vya moto vya nyama iliyokatwakatwa, Mohamed bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, Mwinyi Kheri akaleta wali na nyama ya mbuzi.

Stanley akaagiza chupa iletwe. Mvinyo wa Champagne una uchachu unaokata mafuta mdomoni, hivyo kwa vyakula hivyo haukukosea. Na yule mgonjwa aliyekuwa akiishi kwa chai alikula kama mtu mwenye njaa kweli.

Wawili hao walirudi pamoja Kwihara. Machi 1872 wakaagana, hawakuonana tena. Livingstone alifariki mwaka uliofuata, na mwili wake ukapitishwa Kwihara ukielekea pwani.

Stanley alirudi Afrika. Kuanzia 1879 alimfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, kazi iliyofungua mlango wa mateso makubwa kwa Wakongo na kutia doa jina lake hadi leo. Alifariki London mwaka 1904.

Tembe la Kwihara sasa ni makumbusho, nje kidogo ya Tabora. Lina jina la Livingstone. Lakini ni wapagazi walioifikisha ile chupa salama.