Sam Ntiro: Mchoraji aliyeufikisha usiku wa Machame New York

KUNAPOKUCHA bila mawingu, mkazi wa Emali katika Kaunti ya Makueni huweza kuuona mlima Kilimanjaro ukijitokeza upande wa kusini. Ni kwenye miteremko ya mlima huo, ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Machame, alikozaliwa Sam Joseph Ntiro mwaka wa 1923. Alipofariki mwaka wa 1993, alikuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri zaidi waliopata kutokea Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1940 Ntiro alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, akawa mwanafunzi wa Bi Margaret Trowell, mwanzilishi wa masomo ya sanaa chuoni humo. Mwalimu huyo hakuwa na mazoea ya kuwawekea wanafunzi kitu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, kisha kila mmoja akalichora jinsi alivyoliona akilini mwake.

Mafunzo hayo yana maana kubwa kwa anayetaka kuchora mashamba usiku wa mbalamwezi. Usiku haunakiliki papo hapo: mwanga hautoshi kuzitambua rangi, na ukiwasha taa, usiku wenyewe umetoweka. Mchoraji hana budi kutazama kwa makini, ahifadhi moyoni alichokiona, kisha akichore mchana. Rangi za mafuta humfaa kwa kuwa hukauka polepole. Huanza na giza, kisha huupandisha mwanga kidogo kidogo, akikumbuka kwamba chini ya mwezi wekundu hufifia na majani huelekea rangi ya buluu.

Baada ya kufundisha Makerere, Ntiro alienda London kusomea sanaa katika chuo cha Slade kuanzia mwaka wa 1952 hadi 1955. Hapo ndipo mtihani wake mkubwa ulipomkabili. Wengi walitarajia arejee akiwa amezishika kanuni za Ulaya za kupima umbali, vivuli na viungo vya mwili. Ntiro alizisoma, lakini aliporudi kwenye kazi yake aliendelea kuchora watu wadogo wasio na sura bayana, wakilima, wakiteka maji na kuvuna kahawa, huku milima na migomba ikijaa picha nzima. Wapo wahakiki waliouona mtindo huo kuwa wa kitoto. Hakuubadilisha.

Mwaka wa 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ilikuwa desturi ya kwao Uchaggani, si mada ya darasani. Mwaka wa 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, Marekani. Usiku wa kijijini ukapata makao miongoni mwa kazi za magwiji wa dunia.

Mwaka wa 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, aliyekuwa amehitimu Oxford, mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Tanganyika ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1961, aliteuliwa kuiwakilisha nchi yake London, kazi aliyoifanya hadi mwaka wa 1964. Baadaye alisimamia masuala ya utamaduni nyumbani na kuendelea kufundisha. Vyeo hivyo havikumtenga na brashi.

Ukambani unasifika kwa vinyago, na wachongaji wake wamejulikana duniani kote. Hata hivyo, mwezi unaomulika jiwe la Nzambani kule Kitui na kilima cha Nzaui kule Makueni ungali unawasubiri wachoraji. Kijana atakayejaribu hahitaji kuazima usiku wa watu wengine. Ntiro alionyesha kuwa njia ya kijijini kwao, ikikumbukwa vyema, yatosha.