Sanduku la Dawa la Livingstone

Daktari David Livingstone, aliyezaliwa Scotland mwaka 1813, alijua ubaya wa homa. Hakusafiri bila kwinini. Sanduku la dawa alimpa kijana mwangalifu kuliko wapagazi wote. Tarehe 20 Januari 1867, msituni, mpagazi mmoja alibadilishana mzigo na kijana yule, kisha akatoroka na mwenzake. Mvua kubwa ikafuta nyayo zao. Dawa zote zilikuwa humo! Livingstone aliona kama amehukumiwa kufa, walakini hakurudi nyuma. Mwaka 1869, akiugua mapafu, alibebwa hata Ziwa la Tanganyika, akavuka mpaka Ujiji kutafuta dawa alizoagiza. Kumbe zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13. Stanley alimletea dawa mwaka 1871. Alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.