Kadenge Umemtaja Mara Ngapi Bila Kumjua?

Hebu sema ukweli. Ni mara ngapi umewahi kusema Kadenge na mpira? Labda ulikuwa unamwangalia mtoto wa jirani akipiga chenga na mpira wa makaratasi huko nyuma ya soko la Kitale. Labda msee wa boda alipita katikati ya lori mbili pale Kanduyi bila kuguswa, na ukajikuta umepiga kelele, Kadenge!

Sasa nijibu. Huyo Kadenge alikuwa nani? Alichezea timu gani? Alikufa lini?

Usione haya. Hata mimi nilikuwa nalitaja tu hilo jina vile wengine wanavyolitaja, mpaka Jumapili moja, tarehe 7 Julai 2019. Nilikuwa nimeenda Kiminini kwa kuka, yaani babu yangu. Wakati huo nilikuwa bado chuoni, kabla karo haijanishinda. Tulikuwa uani tunapura maharagwe, redio ikiwa juu ya kiti kama kawaida. Habari ikasomwa kwamba Joe Kadenge amefariki Nairobi akiwa na miaka 84. Kuka akaacha kazi. Akavua kofia, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

Nilipomuuliza kama aliwahi kumwona akicheza, akanijibu kwamba hajawahi hata mara moja. Miaka ile alikuwa kibarua kwenye mashamba huku Trans Nzoia. Nauli ya kwenda Nairobi kuangalia mpira angeitoa wapi? Yeye alimjua Kadenge kwa masikio.

Hiyo kitu ilinisumbua sana. Unawezaje kumlilia mchezaji ambaye hujawahi kuona mguu wake ukigusa mpira? Nikaanza kutafuta stori yake, na ndiyo hii nakupatia.

Joe Kadenge alitoka kijiji cha Solongo, Hamisi, ambako leo ni Kaunti ya Vihiga. Alizaliwa miaka ya 1930, wakati Kenya bado iko chini ya Mwingereza. Alikuwa fowadi, na kazi aliyojulikana nayo ni chenga. Alichezea Maragoli United, halafu akawa nyota wa Abaluhya, klabu iliyoundwa 1964 kwa kuunganisha timu ndogo ndogo za jamii ya Waluhya. Abaluhya ilichukua ubingwa wa ligi 1966 na tena 1967. Ukitaka kujua klabu hiyo ilienda wapi, ndiyo hiyo hiyo unayoiita AFC Leopards, Ingwe, ile ambayo mashabiki wake wakiingia uwanjani na isukuti hata aliyenuna anacheza.

Aliichezea pia timu ya taifa. Siku zile kombe kubwa la kwetu lilikuwa Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, baadaye Tanganyika na Zanzibar wakaingia. Jina lilitoka kwa kampuni ya sabuni. Ndiyo, sabuni! Msalie wewe unayelalamika juu ya wadhamini wa siku hizi. Na usifikirie mambo ya mishahara ya mamilioni. Mchezaji wa enzi hiyo alikuwa na kazi yake ya mchana kama mtu mwingine yeyote, mpira ulikuwa mapenzi.

Sasa turudi kwa masikio ya kuka.

Mwaka 1964 kijana kutoka Freretown, Mombasa, anayeitwa Leonard Mambo Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya. Huyu ndiye aliyetangaza mechi kwa Kiswahili mpaka nchi nzima ikawa uwanja mmoja. Kuka anasema wikendi ikikaribia walikuwa wanaanika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo. Redio ilikuwa moja, ya nyapara, na watu kama ishirini wameizunguka. Mtu akikohoa anafukuzwa.

Ebu fikiria kazi ya mtangazaji wa redio. Wewe huoni chochote. Yeye lazima akuambie mpira uko kwa nani sasa hivi. Ukitoka kwa huyu ukaenda kwa yule, anabadilisha jina. Lakini mpira ukimfikia Kadenge, jina lilikuwa halibadiliki. Anamtoka mmoja, bado ni Kadenge. Anamtoka wa pili, bado ni Kadenge. Mbotela angefanya nini? Akawa anarudia tu: Kadenge na mpira, tena Kadenge na mpira.

Nimekaa nikaona kwamba hayo maneno hata si sifa. Ni taarifa tu. Maana yake ni kwamba bado hakuna mtu amemnyang'anya. Ndiyo maana yalishika. Mtu wa Bungoma au Kitale ambaye hakuwa na shamba lake wala sauti yake, alisikia kwamba kuna mtu mmoja kutoka upande wetu ambaye akishika kitu, hakinyang'anywi. Kuka hakuhitaji kumwona.

Lakini kuna upande mwingine wa hii stori, na huo ndio unaniuma. Jina lilibaki redioni na midomoni mwa watu, na mwenye jina akarudi kutafuta riziki. Baada ya kustaafu mpira, Kadenge aliendesha teksi Nairobi. Sidharau kazi ya teksi, hata mimi nimeosha magari. Lakini piga picha umepanda teksi, huku unabishana na rafiki yako juu ya mpira, unasema Kadenge na mpira, na anayekuendesha ni yeye.

Mpira wenyewe hakuuacha. Mwaka 2002 alipewa kazi ya kuifundisha Harambee Stars. Nyumbani kwake wanawe pia walicheza. Kisha kiharusi kikampata, na miaka ya mwisho ikawa ya hospitali na nyumbani kwake mtaa wa Mariakani, Nairobi. Kabla hajafa, Rais Uhuru Kenyatta alienda kumwona. Ni vizuri alienda. Ila jiulize, kwa nini kwetu mgeni mkubwa hubisha hodi wakati mwenye nyumba hawezi tena kusimama kumkaribisha?

Angalia pia siku aliyokufa. Harambee Stars walikuwa wametoka tu kucheza Kombe la Afrika kule Misri, mara yao ya kwanza tangu 2004. Tulikuwa tumeipiga Tanzania 3-2, halafu tarehe 1 Julai Senegal wakatufunga 3-0 tukafunga virago. Siku sita baadaye, Kadenge akaenda. Akazikwa kwao Solongo.

Baada ya hapo nilikesha nikitafuta klipu yake mtandaoni. Nilitaka nimwone mwenyewe akipiga hizo chenga. Niliambulia picha za zamani, nyeusi na nyeupe, na wazee wakisimulia. Mchezaji ambaye nchi nzima inamtaja kila siku, na mimi sikupata hata mechi yake moja ya kutazama. Alibaki kwenye sauti ya Mbotela, na Mbotela naye alituacha Februari 2025. Mwenye mpira ameenda, aliyetuambia ana mpira ameenda pia. Waliobaki ni kina kuka, na kuka sasa hasikii vizuri.

Juzi nilipanda matatu kutoka Kitale, tukapita Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mpaka Bungoma. Nilienda kuona uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, ule uliotengenezwa upya na kutumika kwa Madaraka Dei 2024. Nje ya uwanja vijana walikuwa wanacheza. Mmoja, wa miaka kama kumi na mbili, aliwatoka watatu kwa mpigo, na mwenzake akapiga kelele hilo jina unalolijua.

Nikamwita huyo aliyepiga kelele, nikamuuliza Kadenge ni nini. Akaniangalia kama mtu mshamba, akaniambia ni aina ya chenga.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Tukaketi kwenye nyasi, nikamsimulia yote haya. Nikatoa simu nikamrekodi yule mdogo aliyekuwa na mpira, dakika nne nzima. Jina lake na tarehe nimeandika kwenye daftari.

Wewe una kuka au kukhu ambaye bado anakumbuka mechi za redio? Nenda umuulize wiki hii.