Kivoi wa Kitui na Mlima wa Mawinguni

Watalii wanaozuru Kitui aghalabu huelekezwa kwenye jiwe la Nzambani, na wanaopitia Makueni wakishuka pwani huitazama milima ya Chyulu kwa mbali. Ni nadra kukumbukwa kwamba Mlima Kenya wenyewe ulionekana na Mzungu kwa mara ya kwanza kutoka Kitui, na kwamba aliyempasha habari zake alikuwa Mkamba aliyeitwa Kivoi Mwendwa.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Misafara yake ya mamia ya watu ilishuka hadi Mombasa, na upande wa pili alifanya biashara na jamii zilizoishi ng'ambo ya mto Tana. Alikuwa amefika Uchagani na kuiona Kilimanjaro, ambayo Wakamba waliijua kama mlima mweupe. Alifahamu pia mlima mwingine wa aina hiyo, karibu zaidi na kwake.

Mnamo Novemba 1849, Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikusanya msamiati wa Kiswahili tangu 1844, aliondoka Rabai kumwendea Kivoi. Alipitia Kikumbulyu, nchi kavu iliyoko Makueni ya leo. (Baadhi ya maandishi humtia Rebmann katika safari hii, ilhali hakuwamo, yeye aliiona Kilimanjaro mwaka wa 1848.) Kivoi alimpokea mgeni wake, akamsimulia habari za mlima huo. Krapf alipanda kilima kuutafuta, lakini ulikuwa msimu wa mvua na mawingu yalikuwa yametanda. Tarehe 3 Desemba, alipokuwa ameanza safari ya kurudi, anga ilitakata, akaona vilele viwili mithili ya pembe. Aliliandika jina la mlima jinsi alivyolisikia katika Kikamba, lugha ambayo matamshi yake ya neno hilo hayana sauti zisikikazo katika Kirinyaga ya Wagikuyu. Kutokana na umbo hilo ndipo lilipopatikana neno Kenya, lililofanywa jina la koloni mwaka wa 1920.

Huko London, mwanajiografia Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Kivoi, ambaye hakuhitaji idhini ya Cooley, aliendelea na biashara yake.

Krapf alirudi mwaka wa 1851, akitaka kujenga kituo Yatta na kuuona mto Tana. Mwezi wa Agosti walifuatana kuelekea mtoni. Kabla ya kufika, wanyang'anyi waliwavamia. Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Krapf alikimbilia msituni peke yake. Kiu ilipomzidi aliufikia mto, na kwa kukosa chombo akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Alipojikokota hadi kwa jamaa za Kivoi, hakupata pole. Walimlaumu kwa kushindwa kumkinga mzee wao, na uhai wake ukawa hatarini. Alitoroka usiku, na hatimaye akafika Rabai. Kituo cha Yatta hakikujengwa.

Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Mwaka uliofuata Joseph Thomson aliuona mlima ule na kuthibitisha theluji ambayo Kivoi alikuwa ameitaja zaidi ya miaka thelathini kabla.