Selous: Mpenzi wa bunduki aliyeliachia jina pori la tembo

Na Mwandishi Wetu, Kyela

ABIRIA kutoka Busale na vijiji vingine vya Kyela, ambao kwa miongo kadhaa wamepanda treni ya TAZARA pale Mbeya kwenda Dar es Salaam, wanalifahamu vyema jina la Selous. Reli hiyo hukatiza upande wa kaskazini wa pori lililopewa jina hilo, na mara nyingi twiga na tembo wameonekana kupitia madirisha ya mabehewa.

Si wengi wanaofahamu kuwa Selous alikuwa mtu, na kwamba mtu huyo hakupata sifa kwa kuwalinda tembo bali kwa kuwaua. Frederick Courteney Selous alihusudu bunduki tangu ujana wake hadi siku alipouawa kwa risasi katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, akiwa na umri wa miaka 65.

Alizaliwa London, Uingereza, Desemba 31, 1851, katika familia yenye uwezo. Baba yake alipata kuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London, na wazazi wake walitamani mtoto wao awe daktari.

Mtoto mwenyewe alikuwa na mawazo mengine. Akiwa bado mdogo katika shule ya bweni, usiku mmoja alikutwa amelala sakafuni bila blanketi. Alimweleza mwalimu wake kuwa alikuwa akijizoeza maisha ya mwindaji wa Afrika.

Alipohamia Shule ya Rugby alijulikana kwa kuzurura misituni akikusanya mayai ya ndege. Tabia hiyo ilimfuata hata Ujerumani alikopelekwa kuendelea na masomo, ambako alilazimika kukimbilia Austria baada ya kumpiga mlinzi wa msitu aliyemkamata akichukua mayai kiotani.

Septemba 1871, akiwa na umri wa miaka 19, Selous alishuka melini Afrika Kusini akiwa na pauni 400 mfukoni. Bunduki nzuri ya mitutu miwili aliyotoka nayo kwao haikukaa sana mikononi mwake, kwani iliibwa akiwa njiani kuelekea bara.

Magobole ya Birmingham

Wizi huo ndio uliomfikisha kwenye silaha zilizompa jina. Alinunua magobole mawili ya bei rahisi yaliyotengenezwa na Isaac Hollis wa Birmingham, ambayo awali yalikusudiwa kupigia mabata. Kila moja lilikuwa na uzito unaokaribia kilo sita, na risasi yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100.

Mwaka 1872 alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka, akamwona kuwa bado ni mtoto asiyeweza kumkabili mnyama huyo, lakini hatimaye alimruhusu.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mwindaji wa Kikhoikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar. Kutoka kwake, Selous alijifunza kuwafuata tembo kwa miguu katika maeneo yenye mbung'o, ambako farasi hawakuweza kuishi.

Alikwenda porini akiwa na shati jepesi, kofia na viatu, huku mfuko wa ngozi wenye baruti ukining'inia ubavuni. Hakuwa na kipimo. Alichota baruti kwa kiganja, akaimimina mtutuni, akashindilia risasi juu yake na kukimbia tena.

Kati ya mwaka 1872 na 1874 aliwaua tembo 78 kwa magobole hayo. Pembe zilikuwa biashara, na ndizo zilizomwezesha kununua baruti na mahitaji ya safari nyingine.

Lakini magobole hayo yalimwadhibu pia. Siku moja moja kati ya hayo lilikataa kulipuka, na mbeba bunduki wake, bila kujua, akalishindilia baruti na risasi mara ya pili. Selous alipofyatua, alirushwa hewani na kuangukia uso mchangani, shavu limepasuka, huku gobole likiruka na kuanguka mbali nyuma yake.

Baadaye aliandika kuwa mateke ya silaha hizo yaliharibu ulengaji wake kwa maisha yote, na kwamba alijuta kuwahi kuzigusa. Kauli hiyo inashangaza kutoka kwa mtu ambaye Uingereza ilimhesabu kuwa bingwa wa kulenga shabaha.

Alipopata fedha alihamia kwenye bunduki za kisasa zaidi. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtutu mmoja iliyotengenezwa na George Gibbs wa Bristol, ambayo huingizwa risasi moja tu kwa wakati. Kwa mwindaji wa namna hiyo, risasi ya kwanza ikikosa, ya pili huenda isipate nafasi.

Mtutu wafungua njia

Kitabu chake cha kwanza kuhusu uwindaji kilitoka mwaka 1881 na kumfanya maarufu. Kwa kuwa tembo walikuwa wamepungua katika maeneo aliyoyazoea, sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho.

Umaarufu huo ulimvuta pia katika siasa za ukoloni. Mwaka 1890 aliongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes ulioingia Mashonaland, nchi ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe. Njia aliyosaidia kuifungua ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 640.

Mwaka 1893 alipigana upande wa kampuni hiyo dhidi ya Lobengula, mfalme yuleyule aliyemruhusu kuwinda akiwa kijana, na akajeruhiwa. Alirudi vitani tena mwaka 1896, Wandebele walipoinuka dhidi ya wakoloni.

Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani, kuandaa safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki. Wawili hao walisafiri katika meli moja hadi Mombasa.

Kwa miaka hiyo yote Selous hakuacha kujaza nyumba na jumba lake la maonyesho huko Worplesdon, Uingereza. Baada ya kifo chake, mkusanyiko wake ulikwenda katika Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London. Ulikuwa na mamalia 524 kutoka mabara matatu, wakiwamo simba 19 wa Afrika, wote wakiwa wamepigwa na yeye mwenyewe.

Risasi ya Beho Beho

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, haikuchukua muda kufika Ziwa Nyasa. Agosti mwaka huo meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli. Selous naye aliomba kwenda vitani, lakini alikataliwa kutokana na umri wake.

Hakukata tamaa. Mwaka 1915, akiwa na miaka 63, alifika Afrika Mashariki na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na mwezi Juni alishiriki katika shambulio la Bukoba. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani ya DSO. Askari wenzake walimwona jioni akikimbiza vipepeo kwa wavu.

Januari 4, 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, alikuwa mstari wa mbele huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji. Mdunguaji wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi ya kichwa, akafa papo hapo. Alizikwa hukohuko, na kaburi lake lipo hadi leo. Mwanawe Freddy, aliyekuwa rubani wa kivita, aliuawa Januari 4, 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake.

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliyapanua maeneo yaliyokwisha kutengwa na Wajerumani na kuyapa jina la Selous. Mwaka 1982 UNESCO ililitangaza pori hilo kuwa Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, bunduki hazikuondoka. Hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha zaidi ya tembo 100,000 katika eneo hilo na mazingira yake. Ilipofika mwaka 2013 walibaki takriban 13,000, wengi wakiwa wameuawa na majangili kwa ajili ya pembe, kama zile zilizomlipa kijana wa magobole. Mwaka 2014 UNESCO ililiweka pori hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilimegwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako uwindaji wa kitalii hauruhusiwi. Jina la Selous limebaki katika sehemu iliyosalia, na humo bado unaruhusiwa kwa vibali.